Ukuta wa Ngazi wa Alief

Simu ya msiba wa Ami Makame ilinikuta Plano, kazini, nikiwa nimeinamia mchoro wa maduka manane ambayo mwenye mali anataka yafanane na nyumba za Ubelgiji. Kazi yangu ni kukagua michoro ya watu wengine: naangalia kama ukuta umefungwa kwenye paa, kama maji yana pa kupita, kama kilichochorwa kinaweza kusimama. Wenzangu huniita mkali, na wana haki. Mchoro ule ulikuwa na kuta nane za ngazi, na nilikuwa nimeshaurudisha mara mbili ukiwa umejaa wino mwekundu. Nikapokea simu, nikasikia sauti ya Nasra, binti yake Makame, akisema kwa Kiingereza chake cha Houston kwamba baba yake hayupo tena, na kabla sijatamka pole, nilichohisi ni unafuu. Naandika hivyo kwa sababu nimefika umri wa kutojipamba. Unafuu ulikuja kwanza, aibu ikafuata nyuma yake, na majonzi yakachelewa mpaka nilipokuwa nimeshajaza gari mafuta ya kwenda kumzika.

Kwa asiyeujua ukuta wa ngazi, nieleze kidogo. Paa la migongo miwili likifika mwisho wa nyumba huacha pembetatu, na pembetatu hiyo huzibwa na ukuta. Kwetu ukuta huo hufuata mteremko wa paa na kuishia hapo. Watu wa Ulaya ya kaskazini, kuanzia Uholanzi na Ubelgiji, Ujerumani na Denmark, mpaka Scotland, waliupandisha ukapita paa, na badala ya kuukata mshazari wakaupunguza kwa vipandio kulia na kushoto, kimoja baada ya kimoja, hadi kileleni. Mwalimu wangu wa michoro huko Houston, mzee mwembamba asiyeishiwa kikohozi, alituambia kwamba chanzo si urembo. Tofali lina pembe zake, kulikata mshazari ni kazi ya kuudhi, basi fundi akamaliza kila mstari pale tofali lilipoishia, akaweka jiwe bapa juu yake kuzuia mvua. Wapo wanaosema msafisha bomba la moshi alipandia hapo. Lakini jambo alilolirudia mpaka tukalichoka ni kwamba huko kwao ukuta ule ni mnene, na umeshikwa na vyuma vilivyotoka ndani, kwenye maboriti, vikatokeza usoni mwa nyumba. Mpita njia huviona akadhani mapambo, kumbe ndivyo vinavyoushikilia ukuta usiende zake. "Ukitaka kujua kama ni wa kweli," alisema, "zunguka nyuma."

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikikaa Alief, kusini-magharibi mwa Houston, katika nyumba ya kupanga ya Makame na mkewe Bi Tatu. Makame alikuwa mtu wa Unguja, mrefu, mwenye sauti ya kubembeleza, aliyeendesha teksi ya uwanja wa ndege mpaka mgongo ukamkatalia. Hakuwa ami yangu kwa damu. Mie mtu wa Tanga, nilifikia kwao kwa wiki mbili nikakaa miaka mitatu. Nililala chumba kimoja na Nasra, wakati huo mtoto wa miaka kumi na mmoja, kitanda changu kikiwa chini ya dirisha lililotazama maegesho na pipa kubwa la taka. Asubuhi Bi Tatu alikaanga maandazi huku akitukemea kwa kuchelewa, chai yake ya tangawizi ikitutoa machozi, na Nasra akiulizwa kama anakula alijibu, "I'm not hungry, Mama," mkono umeshashika andazi la tatu. Nilikula kwao, nikafua kwa sabuni yao, nikapelekwa chuo kwa pikapu yao. Hawakuniomba kitu hata siku moja. Wema huo ulikuja kunifunga mdomo kuliko ambavyo kitisho chochote kingeweza.

Wakati ule sisi watu wa mwambao tuliokaa Houston hatukuwa na mahali. Mtu akifiwa, tulijazana katika nyumba ya vyumba viwili, magari yakaziba njia, wanawake wakalia, na jirani akaita polisi. Nilishaona msiba mmoja ambapo maofisa wawili walisimama mlangoni wakiuliza kama kuna mtu anapigwa, na Bi Tatu akawajibu kwa Kiswahili kitupu, "Tunalia, baba, kwenu hamlii?" Makame alilia kwa aibu siku ile, na ndipo alipoapa kututafutia ukumbi. Aliupata mwanzoni mwa mwaka, pembeni mwa barabara yenye maduka ya Wavietnamu na kanisa la Wanigeria: jengo lililokuwa mkahawa wa bia na soseji, likaachwa likikaa bure. Mwenyewe wa zamani alitaka lifanane na nyumba za kwao. Mbele kulikuwa na ukuta wa matofali mekundu, vipandio vitano kila upande, mawe meupe juu ya kila kipandio, na vyuma vinne vyeusi vilivyopindwa kama nyoka anayetambaa. Nyuma yake lilikuwa sanduku la kawaida lenye paa bapa. Ulaya iliishia hapo mlangoni. Tukaliita Nyumba ya Ngazi, na kwa muda wa mwezi mzima hatukufanya kingine ila kusugua. Harufu ya bia haikutoka. Ilikuwa imeingia katika mbao za sakafu, na kila Bi Tatu alipofukiza udi vilichanganyika vikawa kitu kibaya kuliko vyote viwili. "Nyumba imelewa hii," alisema, "tuiache ilale."

Aliyekuja kusaidia kila siku alikuwa Mzee Shaali, mshonaji kutoka Pemba, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye mkono mmoja. Alishona mapazia yote ya ukumbi, na aliposhona aliimba kwa pua. Mkewe, Bi Mwanaidi, alimpikia mahamri akayaleta katika sufuria iliyofunikwa kitambaa, naye akagawa yote kabla hajala lake. Mwalimu alipotupa kazi ya kupima jengo lolote na kulichora, Mzee Shaali ndiye aliyenishikia ngazi nikapanda juu ya paa. Nilikuwa na utepe, timazi, na daftari la mraba mraba, na furaha ya mtu aliyeambiwa azunguke nyuma akapata nyuma pa kuzunguka.

Nilichokiona huko juu nakikumbuka vizuri kuliko sura ya mtu yeyote wa mwaka ule. Ukuta ulikuwa mwembamba, tofali moja tu, ukisimama juu ya paa kwa urefu wa watu wawili bila kitu cha kuuegemeza isipokuwa mbao tatu zilizotundikwa kimshazari, na mbao mbili kati ya hizo zilikuwa zimeoza mpaka nikazibonyeza kwa kidole. Vile vyuma vyeusi vya mbele, nilipotafuta upande wake wa pili, havikuwa na upande wa pili. Vilikuwa vimetiwa skrubu fupi usoni mwa tofali, basi. Nikashusha timazi. Uzi ulining'inia ukaachana na ukuta kabla haujafika chini, na kati ya ukingo wa paa na matofali palikuwa na mwanya. Nikaingiza kidole kimoja, nikaingiza cha pili, vikaingia. Ukuta wote ulikuwa umeanza kuinama kuelekea mlangoni, kuelekea mahali watu watakapoingilia. "Kuna nini huko?" Mzee Shaali aliniita kutoka chini. Nikamjibu, "Hakuna kitu, mzee. Vumbi tu." Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake, na niliutoa bila kufikiri, kwa sababu niliona habari ile ni ya mwenye nyumba kwanza.

Makame nilimwambia siku ile ile, yeye akila ndizi za nazi, mie nimesimama. Alicheka, akaniambia jengo limekaa miaka yote hiyo, litamwangukia nani leo? Baada ya dhoruba za masika nilipanda tena, vikaingia vidole vitatu. Nikamwambia tena. Safari hii hakucheka. Alisema tufungue kwanza, watu wamengoja sana, akishafungua ataita fundi. Alasiri moja, nikikunja nguo chumbani, nilimsikia upande wa pili wa ukuta akizungumza na Bi Tatu. "Mtoto anasema ukuta utakuja chini," alisema. Bi Tatu akamuuliza, "Na wewe wasemaje?" Nikasikia kijiko kikizungushwa kikombeni. "Nasema anasoma bado," akajibu, lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayeamini analosema, na mie nikaendelea kukunja kanga ile ile mara mbili, mara tatu.

Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa saba, joto la Houston limetulia juu ya mji kama blanketi la maji. Ngumi yangu yote iliingia katika mwanya. Nikateremka nikamkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki ndani ya ukumbi, amezungukwa na makopo ya rangi. Nikamwonyesha daftari, tarehe na vipimo. Aliliangalia muda mrefu, kisha akalifunga kwa upole akanirudishia. "Zaituni, mwanangu," alisema, "mkaguzi wa mji anakuja wiki ijayo. Ukiliandika hili kwenye karatasi ya chuo, litafika kusikotakiwa. Wataifunga. Watu warudi kulia vyumbani, polisi mlangoni? Chora ukuta. Ufa uwache, n'taushughulikia mie." Nikamwambia, "Ami, ni hatari." Akasema, "Najua. N'nakuomba." Mtu aliyekulisha mwaka mzima akikuomba, na akikuomba kwa sauti ile, unatafuta ndani yako pa kusimamia na hupaoni. Nikachora ukuta ulionyooka. Nikachora vipandio kumi, mawe yake, vyuma vyake vinne, kila mstari wima, na mwalimu alinipa alama za juu kuliko wote darasani. Aliponirudishia karatasi aliniuliza kama nilizunguka nyuma. Nikamwambia nilizunguka.

Nimefanya kazi na michoro maisha yangu yote tangu hapo, na naweza kusema kwamba uongo wa mchoro ni mtamu kuliko uongo wa mdomo. Hauna sauti ya kutetemeka. Huku Plano ngazi zimekuwa mtindo. Zipo juu ya maduka ya kahawa na kliniki za meno, nyingi zimetengenezwa kwa povu gumu lililopakwa plasta, nyepesi kiasi kwamba zikianguka zitamchafua mtu nywele. Wikendi nikipita karibu nazo huzigonga kwa kidole nisikie, na mara mbili walinzi wameniuliza nina shida gani. Huwaomba radhi nikaenda zangu. Mkaguzi wa mji alikuja Alief wiki ile aliyoitaja Makame, akatazama nyaya, akatazama vyoo, akatazama milango ya dharura, akatoka nje akausifu ukuta kwa kuwa mzuri. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake. Ukumbi ukafunguliwa, wakaoana watu wawili, ikasomwa maulidi, na kila nilipoingia mlangoni nilikuwa naharakisha hatua bila kutazama juu. Bi Tatu aliligundua hilo. "Unakimbia nini?" aliniuliza. Fundi hakuitwa.

Mwezi wa kumi na moja mamake Makame alifariki Unguja. Alizikwa huko siku hiyo hiyo, na Makame akabaki Houston na mikono mitupu. Ndipo akasema ataweka matanga katika Nyumba ya Ngazi kama yanavyowekwa kwao, wanawake ndani kwenye mikeka, wanaume nje chini ya turubai, na siku ya tatu khitma. Watu walimwambia ndani kuna AC na viti. Hakusikia. "Msiba bila turubai watu watajuaje?" alisema. "Mtu anapita na gari yake, aone turubai, asimame, atie fatiha. Mama yangu hatokuwa maiti wa chumbani." Hakuna aliyeweza kubishana na hilo, kwa sababu sote tulilijua ni kweli. Siku ya tatu ikaangukia Alhamisi. Nilikuwa na mtihani mchana, nikafika ukumbini baada ya Alasiri, na nilipokunja kona nikaona jinsi walivyolifunga turubai.

Maegesho yalikuwa ya zege. Huwezi kupigilia vigingi katika zege. Basi upande wa barabarani walifunga kamba kwenye pikapu mbili, na upande wa jengo, mtu mwenye akili zake alipanda ngazi akaona vile vipandio, akaona vinafaa kana kwamba vilijengwa kwa ajili hiyo, akapitisha kamba nyuma ya kipandio cha pili na cha tatu, kulia na kushoto, akakaza. Mtu yeyote wa kwetu angefanya hivyo. Chini yake walikaa wanaume wapatao arobaini kwenye viti vya kukunja, kila mmoja na juzuu yake, wakinong'ona kisomo. Na upepo wa kaskazini, ule unaoshuka Texas ghafla na kubadilisha hewa kwa nusu saa, ulikuwa unaanza. Turubai lilijaa, likavuta kamba. Likalegea. Likajaa tena. Nikatazama juu kwa mara ya kwanza baada ya miezi, nikaona jiwe jeupe la kileleni likitikisika.

Nilimfuata Makame mlangoni, alikokuwa akipokea watu, kanzu nyeupe, macho mekundu. Nikamnong'oneza, "Ami, kamba zimefungwa kwenye ngazi." Alitazama juu. Aliona nilichokiona, sina shaka, kwa sababu mkono wake ulishika fremu ya mlango. Kisha mgeni mwingine akamkumbatia, akamlilia begani, na Makame juu ya bega la yule mgeni akanitazama, akatikisa kichwa. "Usinitie aibu leo, Zaituni," alisema mgeni alipomwachia. "Wakimaliza kusoma tu tutafungua. Dakika ishirini." Nilipaswa kupiga kelele. Nimelisema jambo hili kwa vioo vyote vya bafu nilivyowahi kuwa navyo: nilipaswa kusimama katikati ya maegesho na kupiga kelele kwamba ukuta unaanguka. Lakini wangeuliza, tangu lini? Nani alijua? Na mfiwa alikuwa amesimama pale na msiba wa mama yake. Nikatafuta njia ya katikati. Nikaingia chini ya turubai nikasema kwa sauti ya kuchangamka, "Karibuni ndani, chakula tayari. Ami Makame anasema mle kwanza."

Walinishangaa. Khitma haijaisha, nani anakula katikati ya juzuu? Mmoja alinung'unika kwamba watoto wa siku hizi hawajui mwanzo wala mwisho. Lakini jina la mfiwa lilikuwa limetajwa, na harufu ya pilau ilikuwa inatoka jikoni, hivyo wakaanza kufunga misahafu na kuinuka, wawili wawili, wakivuta viti. Huko ndani nikamsikia Bi Tatu akiuliza kwa hasira ni nani aliyewaita, mchele haujaiva. Nikasimama nikiwahesabu wanavyoingia. Wote waliingia isipokuwa mmoja. Mzee Shaali alibaki kwenye kiti chake cha mstari wa mbele, karibu na mlango, amesogeza miwani yake puani. "Mzee, twende ndani," nikamwambia. Alinyanyua uso akatabasamu. "Nimefunga leo, mwanangu. Wache wale wenye njaa zao. Mie n'namalizia juzuu hii, isije khitma ya mama wa watu ikabaki na pengo." Nikamwambia ndani kuna AC. Akasema kweli, na hii miguu yake haipendi AC. Kisha akaniita nilipokuwa nageuka. "Zaituni, ukimwona Bi Mwanaidi mwambie asin'letee futari huku. Leo n'tafuturu nyumbani, n'na hamu ya uji wake."

Makame alikuwa mlangoni, anatutazama. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na lilikuwa ukuta. Kama ningelitamka yule mzee angeinuka. Alikuwa mwepesi wa kuinuka, hakuwa mbishi. Nikamtazama Makame, nikaona anavyonisihi kwa macho, nikamwambia Mzee Shaali, "Haya, mzee." Nikaenda zangu jikoni kumwomba radhi Bi Tatu. Nilikuwa nimeshika upawa wakati upepo mkubwa ulipokuja. Watu hudhani kitu kama kile hutoa kishindo. Nilichosikia mie ni sauti ya mchele ukimwagwa kutoka katika gunia, mwingi, kwa muda mrefu, halafu kimya, halafu Makame akipiga ukelele wa jina la mama yake.

Ofisa wa mji aliyekuja baadaye alikuwa mtu mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Aliuliza kama kuna yeyote aliyewahi kuona dalili yoyote. Makame alikuwa amekaa chini, hana sauti, na mie ndiye niliyekuwa mkalimani. Nikasema, kwa Kiingereza kizuri, hapana, hakuna aliyeona. Hakuna aliyeniomba niseme hivyo. Makame aliinua kichwa akanitazama, akainamisha tena. Ofisa akauliza kama marehemu Mzee Shaali alizungumza na mtu kabla. Nikasema hapana tena, hakuna aliyewahi kumfikia, kwa sababu kama nilimfikia basi kwa nini nilimwacha? Nilipoanza kudanganya, kila uongo ulitaka mwenzake. Usiku wa siku ile daftari langu lililala chini ya godoro, na kesho yake nilirarua kurasa zake nikazitia katika lile pipa la taka chini ya dirisha.

Kilichofuata ndicho kilichonifukuza Houston. Watu walianza kunishukuru. Wanaume arobaini walikuwa hai kwa sababu binti mmoja aliwaita kula kabla ya wakati, na wao wakalipa jambo hilo jina: ilham, ufunuo ambao Mungu humtia mtu moyoni. Wake zao walinijia na sahani za halua. Mmoja alinipa mtoto wake mchanga nimshike, nimtie baraka. Wakati wa mazishi nilimwona Bi Mwanaidi kwa mbali, amekaa wima, hatoi chozi, na alipogeuza uso upande wangu nikajificha nyuma ya mlango wa jiko. Makame aliuacha ukumbi, ukabomolewa. Mie nilimaliza chuo nikahamia Plano, kaskazini, nikajifanya mtu wa kazi nyingi. Miaka sita iliyopita nikasikia kuwa Bi Mwanaidi amehamia Haltom City kwa mwanawe. Kutoka kwangu hadi Haltom City ni dakika arobaini na tano kukiwa na foleni. Sikwenda. Kila Idi niliandaa sababu mpya, na moyoni nilimlaumu Makame kwa yote, nikisema nalinda heshima yake, na kwamba siku akiondoka nitakuwa huru kusema.

Basi Makame akaondoka. Tulimzika Ijumaa, na Jumapili baada ya khitma Nasra akaniomba, kwa kuwa naelekea kaskazini, nimrudishe kwake Bi Mwanaidi, aliyekuja kuzika. Amekuwa mdogo, anatembea kwa fimbo, lakini anakaa vilevile wima. Nilimfunga mkanda, nikamwekea maji pembeni. Tulipita Huntsville hatujasema neno ila la mvua. Nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi, na mahali fulani baada ya hapo, ninapita malori mawili, nikaanza. Nilimwambia kuhusu vidole viwili, vitatu, na ngumi. Nilimwambia kuhusu mchoro ulionyooka. Nikasema nilimwambia Makame mara tatu akanikataza, na sikutaka kumfedhehesha akiwa hai. Nilisema hivyo na nikajisikia nimejieleza vizuri.

Bi Mwanaidi alikuwa anatazama mbele. "Makame alin'jia siku ya arobaini ya marehemu," alisema. "Alikaa pale kizingitini, hakutaka hata maji. Akan'ambia yote. Akasema, 'Binti alin'ambia mara tatu, kosa langu, mtoto usimguse.' Nikamsamehe, kwa tabu, lakini nikamsamehe." Akaisogeza fimbo yake. "Aliniambia pia kuwa Shaali alizungumza na wewe, yeye alikuwa mlangoni na wageni, hakuyashika maneno. Sikuja kukuuliza. Nikasema atakuja mwenyewe. Miaka ishirini na mitatu, Zaituni. Alisema nini mume wangu?"

Niliingiza gari kituo cha mafuta, nikasimama mbali na watu, kwa sababu nilikuwa sioni barabara. Nikamwambia kwamba alisema amefunga. Kwamba alikuwa anamalizia juzuu isije khitma ya mama wa watu ikabaki na pengo. Nikamwambia kwamba kulikuwa na ujumbe wake, na nilipewa mie niufikishe, alisema usimpelekee futari ukumbini, atafuturu nyumbani, ana hamu ya uji wako.

Alifungua chupa ya maji, hakunywa, akaifunga.

"Nilimpelekea," alisema. "Nilikuwa nimeshafika pale kona na sufuria mapajani, ukuta ulipokuja chini."